Kuna kiumbe anayeishi kwenye maji ya nyuzi 100. Je, chai yangu ni salama?

MamaChai_Kariobangi:
Hamjambo wenzangu. Nauza chai na mandazi Kariobangi, mwaka wa tisa huu. Maji nanunua kwa mitungi, na kila alfajiri nayachemsha kwanza, kwa sababu kipindupindu nimekiona kikipita mtaani kwetu. Jana binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa anasoma kando ya jiko, akaniambia: "Mama, kuna kiumbe anaitwa Pyrococcus, anastawi kwenye nyuzi 100, tena bila oksijeni." Sikulala. Wateja wangu wananiamini. Kama kuna kitu hakifi kwa kuchemshwa, nimekuwa nikiwapa nini?

Fundi_wa_Maabara:
Pole kwa kukesha, mama. Endelea kuchemsha. Nafanya kazi maabara hapa Nairobi, na kiumbe huyo ananisaidia karibu kila wiki, kwa hiyo nitamweleza kama ndugu.

Pyrococcus furiosus alipatikana kwenye mchanga wa bahari uliopashwa moto na volkeno, kisiwa cha Vulcano, Italia. Fiala na Stetter walimtangaza mwaka 1986. Ni chembe hai moja tu, ya mviringo, upana wake kama sehemu moja ya elfu ya milimita, na ana kishungi cha vijimkia vya kuogelea. Si bakteria, yuko kundi jingine la viumbe wadogo, linaitwa arkea. Anakula wanga, na akipata salfa anatoa ile gesi inayonuka mayai viza. Chini ya nyuzi 70 hakui. Mwili wa mteja wako una nyuzi 37: kwake hiyo ni barafu.

Tena hata sufuria yako haimtoshi! Nairobi iko juu sana, hewa ni nyepesi, maji huchemka mapema. Nilipoanza kazi nilitumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotokota, yakiruka hadi mezani, kikasimama 94 na kitu. Nikadhani ni kibovu, nikaleta kingine. Kikasoma vilevile. Yeye hustawi kwenye 100, ambako idadi yake huongezeka maradufu kila dakika 37. Vimelea vya kipindupindu hufa kabla maji hayajafika hapo. Yaache yatokote dakika moja nzima. Baada ya hapo hofu yangu ni kile kikombe cha kuchotea, kile kinachowekwa juu ya meza bila kufunikwa.

Kiprono_BRG:
Kwetu Bogoria watalii huchemsha mayai kwenye chemchemi, na ile harufu ya salfa ipo. Ndiye huyo?

Fundi_wa_Maabara:
Hapana kaka, Pyrococcus ni wa bahari, anahitaji chumvi yake. Bogoria ina viumbe wake wa joto. Lakini kuna jamaa mwingine, Methanopyrus, naye hataki oksijeni: anachukua hidrojeni na kaboni dioksidi, anatengeneza methani. Mwaka 2008 wanasayansi wa Japani walitangaza kwamba amekua kwenye nyuzi 122. Walimtoa sakafu ya Bahari ya Hindi hii hii, mashariki ya Madagaska. Huko chini uzito wa maji huyazuia yasichemke, kama mfuniko wa sufuria ya presha.

Na Pyrococcus ananisaidia hivi: kimeng'enya chake kinachonakili DNA hakiharibiki mashine yetu ya kunakilia DNA inapofika nyuzi 95. Kikiweka herufi isiyofaa kwenye nakala ya DNA, kinarudi nyuma, kinaing'oa, kinaweka inayofaa. Kinakuja kwenye kijichupa kidogo kuliko kifuniko cha kalamu, nakiweka juu ya barafu. Kila nikikishika nakumbuka kilikotoka.

MamaChai_Kariobangi:
Asante sana, mwanangu. Nimemsomea binti, akaniomba kipimajoto. Na kikombe cha kuchotea nimekiondoa leo asubuhi, nimenunua ndoo yenye mfuniko na bomba.