Sifoni kwenye ziwa la barafuto: kwa nini maji yashuke mita chache tu?

Kokoto: Wakuu, habari za jioni. Ziwa Imja kule Nepal, la maji ya barafuto (barafu kubwa ya mlimani inayosogea polepole), liko mita 5,010 hivi juu ya usawa wa bahari, kina chake kinapita mita 100, lakini mwaka 2016 lilipunguzwa mita 3.4 tu. Si wangezamisha bomba la sifoni (linalopanda juu ya ukingo na kushusha maji upande wa pili bila pampu) hadi chini walikaushe kabisa?

Fundi_Mabomba: Mkuu, sifoni haivuti, hewa ndiyo inayosukuma maji. Pwani kanieneo (mgandamizo) ya hewa huyapandisha mita 10 hivi. Kwenye ziwa Palcacocha, Peru, lililo mita 4,566 juu ya bahari, haizidi 6, na ukitoa msuguano wa bomba, panga 4 au 5. Unapima kutoka uso wa ziwa hadi kilele cha bomba, kwa hiyo kuzamisha mdomo hakusaidii. Ziwa likishuka, kimo kinaongezeka mpaka maji yanakatika kileleni. Hapo chimba ukingo, uteremshe kilele.

Kuwasha: funga valvu za ncha zote mbili, jaza maji kwa tundu la kileleni mpaka hewa yote itoke, ziba, fungua ya ziwani, kisha ya chini taratibu. Ogopa maungio ya kileleni. Tundu pale halidondoshi hata tone, linaingiza hewa tu, utalitafuta siku nzima. Mabomba ya plastiki yaunganishwe kwa joto. Na mtiririko ukisimama usiku wa baridi kali, bomba linaganda.

Moreni: Imja haikutumia sifoni, ni mfereji wenye malango. Na lengo halikuwa kukausha. Ukuta wa ziwa ni moreni: mawe, mchanga na udongo usioshikana, pengine na barafu ndani. Hatari kubwa ni banguko (poromoko la barafu au mawe) kutumbukia ziwani. Wimbi linaruka ukingo, maji yanachimba mpaka ukuta unafumuka. Ziwa Dig Tsho, Nepal, lilipasuka hivyo mwaka 1985. Mita 3 za ukingo mkavu zinameza sehemu ya wimbi. Ukifungulia maji kwa pupa, mfereji wenyewe unakuwa ufa, ndiyo maana sakafu yake hujengwa kwa mawe na malango hufunguliwa kidogo kidogo.

Kokoto: Asante. Sasa maji ya sifoni yamwagwe wapi?

Fundi_Mabomba: Kwenye mwamba mtupu au mkondo uliojengewa mawe. Usimwage kwenye kitako cha moreni, utakuwa unaichimba mwenyewe.

Moreni: Na hesabu zirudiwe kila barafuto likirudi nyuma. Ziwa hurefuka kuelekea majabali yenye barafu inayoning'inia, na wimbi ulilokadiria zamani linakuwa dogo mno.