Naomba ushauri: programu ya simu ya kurekodi tabia za kujirudia za mtoto mwenye usonji

Ndugu wazazi, walezi na wataalamu, poleni na majukumu. Mwanangu ana miaka 6 na ana usonji. Hupunga mikono, hupanga vifuniko vya chupa kwa mstari na kufungua mlango na kuufunga mara nyingi mfululizo; hayo simzuii, kwa sababu yanamtuliza na hayamdhuru. Kinachoniumiza ni kujing'ata kiganja hadi ngozi inachubuka, hasa anapotakiwa kuacha jambo moja na kuanza jingine.

Mtaalamu anayemhudumia alinishauri niandike kila tukio: kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata. Nimejaribu daftari, lakini mikono yangu yote miwili inapokuwa imemshika yeye, kuandika hakuwezekani, na baadaye nasahau mambo madogo yenye maana, kama vile sauti iliyosikika muda mfupi kabla. Ratiba ya picha ukutani imesaidia kiasi. Kati ya programu nilizopakua, moja hutoa zawadi kwa kila tabia iliyokomeshwa, hata ile isiyo na madhara, jambo ambalo silikubali kabisa. Nyingine inataka video za mtoto bila kueleza zinahifadhiwa wapi.

Je, kuna programu mliyoitumia wenyewe inayorekodi tukio kwa sauti au kwa kubofya mara moja, bila intaneti, na kutoa muhtasari wa kumpelekea mtaalamu? Pia, je, mtoto akiona naichukua simu kila anapojing'ata, tabia hiyo haiwezi kuongezeka?

Natanguliza shukrani.