Nimerithi ofisi ya uwakili ya baba, nataka ibaki na sura ya zamani ila ifae kazi ya leo. Nibakishe nini?

WakiliBinti:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo hasa nyie wa mambo ya ubunifu wa ndani na mafundi wa mbao. Baba yangu alikuwa wakili zaidi ya miaka 30, amestaafu, na mimi ndo nimechukua ofisi pamoja na mwenzangu niliyesoma naye. Ni vyumba viwili vya kazi, mapokezi na chumba kidogo cha mikutano. Ndani kuna meza yake kubwa ya mbao nzito yenye ngozi ya kijani juu, kabati mbili za vitabu ambazo milango yake ya kioo unainyanyua halafu unaisukuma ndani, ile taa ya mezani yenye kofia ya kioo cha kijani, taipureta, viti viwili vya ngozi iliyochanika, na ukuta mzima wa ripoti za kesi zilizojalidiwa ambazo siku hizi tunazisoma kwenye kompyuta.

Mwenzangu anataka vyote vitoke tuweke meza nyeupe, kuta za vioo na kapeti ya kijivu, anasema mteja akiona vitu vya zamani ataona na sheria tunayoijua ni ya zamani. Mimi roho inakataa. Nimefanyia homwek chini ya hiyo taa huku nikimsikia baba anasoma hati kwa sauti ndogo neno kwa neno kabla hajasaini. Ila pia sitaki mtu akiingia ajione yuko makumbusho. Nibakishe nini, nitoe nini?

ChoraNdani:
Hongera dada. Mimi kwenye kazi kama hizi naangalia kila kitu nauliza, hiki bado kina kazi ya kufanya humu? Meza inayo, kabati zinazo, taa inayo, viti vikishonwa upya vinayo. Hivyo vibaki na vitumike kila siku. Taipureta haina kazi tena, lakini moja tu kama kumbukumbu haiharibu kitu, usije tu ukaongeza simu ya kuzungusha na saa ya ukutani na mizani ya shaba, hapo ndo makumbusho yanapoanzia.

Halafu vitu vyako sio mapambo kama mwenzako anavyodhani, vimetengenezwa kwa akili sana. Hizo kabati kila rafu ni sanduku lake peke yake, zinapangwa moja juu ya nyingine, kampuni ya Globe-Wernicke ya Marekani ndo ilizipa umaarufu, na mawakili walizipenda kwa sababu ukihama unabeba sanduku moja moja na vitabu vikiwa humo humo. Ile taa nayo, zilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1900 Harrison McFaddin alipokuwa anaziuza kwa jina la Emeralite. Angalia kofia yake vizuri, kama ni ile yenyewe kioo kina tabaka mbili, kijani nje na nyeupe ndani, ile nyeupe ndo inarudisha mwanga chini kwenye karatasi na kijani inazuia usikuchome machoni. Ni kifaa cha kusomea.

Kuchanganya zamani na sasa sio jambo geni pia. Mwaka 1925 yule msanifu majengo Le Corbusier alipojenga banda lake la maonyesho Paris, L'Esprit Nouveau, kila mtu aliliona ni la kesho kabisa, lakini ndani aliweka viti vya Thonet vya mbao iliyopindwa, aina ya viti ambavyo watu walishavizoea tangu karne ya 19. Vilikaa vizuri kwa sababu kuta hazikuwa na mapambo. Kwako pia fanya hivyo hivyo, ukuta rangi moja ya krimu isiyong'aa, pazia za kawaida, na fenicha mpya ziwe nyembamba zisishindane na meza ya mzee.

Mwanga usiutegemee kwenye taa moja. Meza ya kusomea na kuandikia inatakiwa ipate kama laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mezani), kwa hiyo weka taa za darini zenye mwanga uliotawanyika, halafu hiyo ya kijani iongezee. Balbu ya LED iwe ya Kelvini 2700 mpaka 3000, yaani mwanga wa njano njano, ile nyeupe kali ya kibuluu inaifanya mbao ionekane imekufa.

MzeeWaRanda:
Binti yangu, kabla hujamwita mtu aje na msasa naomba usome hii. Meza nyingi za zamani zimepakwa shelaki, ule utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti, sio vanishi ya leo. Chukua pamba yenye spiriti gusa sehemu iliyofichika, chini ya droo kwa mfano, ikianza kulainika na kunata basi ni shelaki, na hiyo inafufuliwa bila kukwangua, fundi anayeijua anaipaka upya kidogo kidogo kwa kitambaa. Ukikwangua unaondoa rangi ambayo mbao imeipata kwa miaka na hairudi. Na kama kuna kitu humo kimepakwa rangi ya zamani usikipige msasa mkavu kabisa, rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, vumbi lake ni sumu.

Usitoboe juu ya meza kwa ajili ya waya wa kompyuta. Waya zipite nyuma, unafunga trei nyembamba chini ya meza kwa vibanio, soketi inakaa ndani ya droo moja. Meza za namna hiyo nyingi zina kimo cha sentimita 76 hivi, ni nzuri kwa kuandika na kalamu ila kwa kuchapa mabega yanapanda, kwa hiyo tafuta kiti kinachopanda na kibao cha kuwekea miguu. Waya wa taa ukiwa umefunikwa kwa kitambaa ubadilishwe kabla hujaiwasha tena, hili sio la kusubiri.

Kuhusu vitabu, ukikuta majalada ya ngozi yanatoa unga mwekundu hiyo ngozi imeanza kuoza, usiyapake mafuta, yaweke ndani ya kabati mbali na jua. Vitabu vingine vyote usivirundike ukuta mmoja kwenye jengo la ghorofa bila kumuuliza mhandisi. Viwango vya Marekani vinahesabu sakafu ya ofisi ibebe kama kilo 245 kwa mita ya mraba, lakini ya maktaba yenye rafu zilizobanana ni kama kilo 730, mara tatu nzima.

Upande_wa_Mteja:
Mimi sio fundi wala wakili, naongea kama mtu aliyekaa kwenye kile kiti cha mteja. Nilikuwa na kesi ya malezi ya mtoto wangu. Ofisi ya kwanza niliyokwenda, siitaji, ilikuwa mpya kabisa, chumba cha mikutano kioo kitupu, nikalia mle ndani na watu wa mapokezi wote wananiangalia, na nilipotoka kusubiri nikasikia kila kitu cha mtu aliyeingia baada yangu mpaka jina la mume wake. Sikurudi. Ya pili ilikuwa na meza ya mbao ya duara, wakili akakaa pembeni yangu sio mbele yangu, kiti changu kilikuwa sawa na chake, na mgongo wangu haukuelekea mlangoni. Fenicha zilikuwa kuukuu, lakini pale ndo niliweza kusema ukweli wote. Dada mfikirie huyo mtu, sofa la ngozi ni baadaye.

ChoraNdani:
Huyu ndugu amesema kitu kikubwa kuliko vyote nilivyoandika. Ukuta wa chumba cha mikutano lazima upande mpaka kwenye zege la juu, mafundi wengi wanaishia kwenye dari ya kuning'inia na sauti inaruka juu inashukia chumba cha pili. Mlango uwe wa mbao nzito isiyo na uwazi ndani, na chini yake kuwe na mpira unaoziba. Vitabu vinapunguza mwangwi ila havizuii sauti kupita, watu huchanganya hapo. Mwenzako akitaka kioo kwa ajili ya mwanga kiwe cha juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, au kiwe cha ukungu.

Kijana_wa_Kebo:
Nimtetee kidogo mwenzako. Kesi nyingi sasa zinasikilizwa kwa video, na hapo ofisi ya kizamani inasumbua kama haikupangwa, dirisha likiwa nyuma yako hakimu anaona kivuli tu. Kaa dirisha likiwa mbele au ubavuni, nyuma yako iwe ile kabati, inapendeza sana kwenye kamera. Skrini ya mapokezi isionekane kutoka kwenye viti vya wanaosubiri. Na mafaili ya kesi zinazoendelea yapate kabati la kufungwa kwa ufunguo, meza nzuri iliyojaa majina ya watu ni hatari.

WakiliBinti:
Asanteni sana wote. Nimemsomea mwenzangu huu uzi wote, aliyembadilisha ni huyo mteja. Tumekubaliana kuta za chumba cha mikutano tuzijenge upya mpaka juu na meza humo iwe ya duara, mpya, ya rangi ya mbao nyepesi. Yeye chumba chake anapata meza yake nyeupe, mimi nabaki na ya baba na kabati moja nyuma ya kamera, nyingine inakwenda mapokezi. Ripoti tunabakisha zile ambazo baba aliandika pembeni kwa penseli, nyingine tutawapa wanafunzi wa sheria.

Mzee wangu MzeeWaRanda shikamoo, swali la mwisho. Ngozi ya juu ya meza ina doa kubwa la wino upande wa kulia, alipokuwa anaegemeza kalamu. Niibadilishe?

MzeeWaRanda:
Marahaba binti. Pitisha vidole pembeni, kama bado imeshika kwenye mbao na haijapasuka usiibadilishe. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, ikauke siku nzima, upake nta nyembamba. Wino hautatoka.