Nani aliwafundisha kubandika profaili hivi? Prefe wangu, yaani mkuu wa shule, amefungiwa nje ya shule yake!

Bandugu, jambo yenu. Niko Lubumbashi na nina hasira, mnivumilie.

Nimerithi programu ya shule moja ya huku Katuba. Fundi aliyeitengeneza alikula dola zake akaenda zake Kolwezi, simu hapokei. Ni Django, ile fremuweki ya Python ya kutengenezea programu za wavuti. Akaunti zote ni User ileile inayokuja na Django, na siku chache kabla ya kuondoka akaibandikia Profaili, jedwali la maelezo ya ziada, kwa OneToOneField: kila User na profaili yake moja. Hapo hajakosa. Kosa ni signali, kodi inayojiamsha tukio likitokea, aliyoinakili mahali bila kuisoma: User ikihifadhiwa, post_save inaita instance.profaili.save().

Jumatatu asubuhi, wazazi wamejaa ofisini na risiti za minervali, ada ya shule, mkononi, prefe anaandika neno la siri: ukurasa mweupe, kosa la seva, 500. Akaniangalia juu ya miwani. "Mwana, hii mashine inanikataa mimi?"

Akaunti yake ni ya zamani, haina profaili. Hakuwa ametoka kwenye akaunti tangu siku nyingi, ila sesheni ya Django, muda wa kubaki ndani bila kuulizwa neno la siri, kwa kawaida hudumu wiki mbili, na zake ziliishia siku hiyo. Ukiingia, Django inaandika last_login, saa uliyoingia mara ya mwisho, yaani inahifadhi User, signali inaamka, inaitafuta profaili ambayo haijawahi kuzaliwa. RelatedObjectDoesNotExist. Angekosea neno la siri angejibiwa vizuri tu! Alilipatia, ndiyo ikaanguka.

Usiku nikapitisha get_or_create kwa akaunti zote, isiyo na profaili ikapata, nikafuta ule mstari wa signali. Hilo limekwisha.

Lakini majina! User ina first_name na last_name. Sisi tuna jina, postinomu (jina la pili la Kiafrika) na prenomu (kama lile la ubatizo); postinomu ilituingia na Mobutu na otantisite yake ya 1972, ile siasa ya kurudia majina ya Kiafrika. Fundi akasukumia mawili ndani ya last_name, huku kaweka kistari, kule nafasi, na sasa buletini, ripoti za alama za wanafunzi, zinatoka zimegeuza Ilunga Kabwe kuwa Kabwe Ilunga. Username nayo ni namba ya simu. Mama akipoteza laini, kapoteza na akaunti.

AUTH_USER_MODEL, mpangilio wa kutumia User yako mwenyewe badala ya ile ya Django, ipo tangu Django 1.5, mwaka 2013. Maelezo yao wenyewe yanasihi: weka User yako kabla ya migresheni ya kwanza, ile hatua inayojenga majedwali ya data, hata kama leo huna cha kuongeza. Ni klasi ya mistari miwili, ya pili ni pass! Ninyi mnaofundisha kwa video mnairuka, halafu dakika ya mwisho ndiyo mnasema "ilifaa tuanze nayo". Sasa malipo, mahudhurio, buletini, vyote vimefungwa kwa auth_user, jedwali la ile User ya Django, na Django haivihamishi yenyewe.

Asiniambie mtu nianze upya, tuko katikati ya mwaka wa shule. Aliyewahi kuhamia User yake kwenye hifadhidata ya PostgreSQL yenye data hai, alianzaje? Aliacha db_table, jina la jedwali, iwe auth_user, au alifuta historia ya migresheni kwanza? Leo umeme upo, nasubiri hapahapa.