Mgeni ameungua siku ya mawingu: ni tundu la ozoni au ni jua letu?

Nahodha wa Shela

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Kazi yangu ni kuwapeleka wageni Manda Toto, kisiwa kidogo huku kwetu Lamu, kwa mashua, wakatazame samaki, kisha niwarudishe Shela. Juma lililopita nilimchukua kijana kutoka Ulaya aliyeketi omoni tangu tung'oe nanga, miguu ameining'iniza nje, akikataa kusogea kwenye kivuli cha tanga kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda na upepo wa kusi ulikuwa ukimpoza. Tuliporudi saa tisa, miguu yake ilikuwa imeiva kama pweza aliyechemshwa, na kesho yake hakuweza kuvaa ndara, maana zile kanda zilipita pale pale palipoungua. Mwenzake alinieleza kwamba lawama ni ya tundu katika ozoni, gesi iliyo juu angani inayochuja mionzi ya jua inayounguza, na kwamba tundu hilo hufunguka kila mwaka mwezi huu wa Septemba, nami sikuwa na la kumjibu. Je, tundu hilo liko juu yetu? Na jua la leo limekuwa kali kuliko lile walilovulia baba zetu? Nauliza kwa ajili ya nafsi yangu pia, kwani pua na masikio yangu hubabuka kila kaskazi, ingawa mimi ni mweusi.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Wa alaykumu salaam, nahodha. Tundu lipo, na kweli hufunguka Septemba, lakini liko juu ya Antaktika, maelfu ya kilomita kusini mwa Lamu. Huko, baridi ya miezi ya giza hufanya mawingu ya barafu ambayo huiamsha klorini iliyopanda kutoka kwetu wanadamu, na jua linaporejea, klorini hiyo huanza kuila ozoni. Wanasayansi wa Uingereza walilitangaza jambo hilo mwaka 1985, miaka 11 baada ya wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland kuonya kwamba gesi za friji na za makopo ya kupuliza, zenye klorini hiyo, zingeleta madhara.

Huku kwetu hakuna tundu. Kilichopo ni jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni kwamba tabaka letu la ozoni ni jembamba kwa asili yake. Ozoni nyingi huzaliwa juu ya nchi za joto, lakini mikondo ya hewa ya juu sana huichukua ikaipeleka upande wa ncha za dunia. Lau ozoni yote iliyo juu ya Malindi ingeshushwa hadi usawa wa bahari, ingefanya utando usiofika milimita 3. Haya si maneno ya vitabu tu, kwa sababu mwanzoni mwa karne hii maputo yenye vipimo vya ozoni yalikuwa yakirushwa kutoka kituo cha anga cha San Marco, hapa hapa kwetu.

Juu ya hilo, Lamu iko kiasi cha digrii 2.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tarehe 28 Septemba hivi jua huwasimamia utosini, na mionzi huja moja kwa moja bila kupunguzwa na safari ndefu ya hewani. Miezi imekutana tu, tundu la kule na jua la utosi la huku, mgeni akadhani moja limezaa jingine. Upepo humpoza mtu asihisi anaungua, wala haupunguzi mionzi. Mawingu mepesi nayo huweza kupitisha hata asilimia 80 yake. Kuhusu baba zetu, ozoni ya ukanda huu imepungua kidogo mno, kwa hiyo jua lao ni hili hili. Simamisha pondo mchangani siku hiyo, ukitazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko pondo lenyewe, hizo ndizo saa za kujifunika.

Fundi wa Friji

Mwalimu amegusa kazi yangu, basi nikiri. Nilipoanza, friji zilitumia gesi ya R-12, nasi tulikuwa tukikata bomba tukaiacha ijiendee, kwa kuwa haikunuka wala haikumdhuru mtu. Mkataba wa Montreal, mkataba wa mataifa wa kuilinda ozoni, uliotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, ndio ulioiondoa sokoni hatua kwa hatua. Wataalamu wanakadiria kwamba, mkataba ukiendelea kufuatwa, ozoni itarejea hali ya mwaka 1980 kufikia 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na kiasi cha 2066 huko Antaktika. Gesi ya R-134a iliyoifuata haina klorini, ila huongeza joto la dunia, na kwa ajili hiyo yakaja makubaliano ya Kigali mwaka 2016, ya kupunguza gesi za namna hiyo.

Mama Mlezi, Lamu

Nahodha, weusi wa ngozi hupunguza mionzi lakini hauifungii mlango, na midomo na masikio ndiyo hutangulia. Mwanangu ana ualbino, hana hata kinga hiyo ndogo. Losheni ya kukinga jua yenye namba ya kinga (SPF) 30 huzuia kiasi cha asilimia 97 ya mionzi inayounguza, iwapo itapakwa nzito na kurudiwa kila baada ya saa mbili, na watu karibu wote huipaka kama manukato. Mimi hutegemea nguo kwanza: mikono mirefu, kofia pana na leso shingoni. Shuleni kwao michezo iliwekwa saa nane mchana, na ilinibidi niende mara tatu kabla ya kukubaliwa aketi kivulini.

Nahodha wa Shela

Nawashukuru, mwalimu, na wewe mama na fundi. Jana, tarehe 28, nililisimamisha pondo. Saa tatu asubuhi kivuli kilikuwa kinakaribia kulingana nalo, saa nne kilizidi nusu yake kidogo tu, na saa sita na dakika chache hakikuonekana ila duara dogo shinani. Nikagundua kwamba safari zangu zote, zinazoondoka saa tatu na kurudi saa tisa, zimo ndani ya saa hizo hizo. Maji yakiruhusu nitaondoka alfajiri, na yasiporuhusu nimekwisha kununua turubai la kutanda kutoka mlingotini hadi omoni.