Paketi zinadondoka siku ya mnada: bafa ya libpcap niweke ngapi?

ShanganiNet, Mtwara
Wakuu, salaam. Nina programu ya C kwenye Linux inayonasa paketi kwa libpcap (maktaba ya kunasa paketi za mtandao), iko kwenye laini ya Mbps 100 ya ghala la korosho. Siku za kawaida shwari, ila siku ya mnada ps_drop kwenye pcap_stats (hesabu ya paketi zilizodondoka kwa kukosa nafasi kwenye bafa, hifadhi ya muda ya paketi) inapanda tu. Nimefungua kwa pcap_open_live, halafu nikaita pcap_set_buffer_size, inarudisha -4. Nakosea wapi?

BandariLindi
Mkuu, -4 ni PCAP_ERROR_ACTIVATED, yaani umechelewa, unasaji umeshawashwa. pcap_open_live huandaa na kuwasha kwa mkupuo mmoja, haikuachii mwanya. Anza na pcap_create, panga snaplen (baiti ngapi za kila paketi zinaswe), bafa na timeout (muda wa kusubiri kabla ya kuletewa paketi), ndipo uite pcap_activate.

Ukubwa unaandikwa kwa baiti. Wengi hukosea hapa, maana -B ya tcpdump (programu ya kunasa paketi kwa amri) huhesabu kwa KB: ukihamisha 32768 ya tcpdump kwenye kodi yako kama ilivyo, umejipa bafa ya KB 32!

Hesabu yenyewe: Mbps 100 ni MB 12.5 kwa sekunde. Bafa ya kawaida kwenye Linux ni MB 2, kwa hiyo laini ikishiba inajaa kabla ya sekunde 0.2. Weka 32*1024*1024, unapata kama sekunde 2.5 za kupumua. Pande zote mbili, kutuma na kupokea, zikijaa, gawa muda huo kwa mbili.

KodiMasasi
Naongezea. Programu ikiwa nzito, bafa kubwa inaahirisha tu kudondoka. Kagua kitendakazi unachokipa pcap_loop: mna printf? Mnatafuta majina ya DNS? Mnaandika diski? Toa vyote. Nakili paketi, isukume kwenye foleni, thredi nyingine iandike. Na nakili kweli, usitunze pointa, kwa sababu kitendakazi kikisharudi sehemu ile ya kumbukumbu inaweza kuandikwa paketi nyingine.

Kama unataka vichwa tu, snaplen 128 inatosha kwa kawaida (na mazungumzo ya watu hayakuhusu). Chujio la pcap_setfilter likikubaliwa na kerneli (kiini cha Linux), paketi usizozitaka haziingii kwenye bafa kabisa.

ShanganiNet, Mtwara
Asanteni. Timeout nimeweka 0 na immediate mode (kuletewa kila paketi papo hapo) 1, nikidhani itakuwa haraka zaidi. Niache hivyo?

BandariLindi
Hapana, ondoa zote mbili. Immediate mode huifanya libpcap itumie TPACKET_V2, mpangilio wa bafa wa kerneli ambao kila paketi hupewa nafasi ya ukubwa uleule. Ya baiti 60 inaweza kukalia nafasi ya baiti 1,500. TPACKET_V3, inayotumika bila immediate mode, huzibananisha ndani ya bloku, kisha hukuletea bloku ikijaa au muda ukiisha. Timeout 100, yaani milisekunde, inakufaa. Ukiweka 0, laini ikipoa paketi zinaweza kukaa humo bila kuletwa.

KodiMasasi
Na ikiwa inayopanda ni ps_ifdrop, hapo bafa ya libpcap haihusiki, ni kadi ya mtandao. Tazama ukubwa wa foleni ya kadi na kikomo chake kwa `ethtool -g eth0` (eth0 ni jina la kadi), kisha ongeza foleni kwa `ethtool -G eth0 rx` na namba isiyozidi kikomo ulichoonyeshwa.