Naomba ushauri: barua pepe za siasa ya kodi ya mafuta kazini

Habari zenu wanachama. Ofisini kwetu Nairobi, kila EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya mwezi, wenzangu huanza kurushiana barua pepe za siasa: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta iliyotoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, tozo ya barabara iliyopanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024, na nani asirudishwe bungeni. Wanabonyeza "jibu wote", hata mkubwa wetu anazipata.

Nimeweka kanuni kwenye Outlook, programu yetu ya barua pepe: barua yenye neno "mafuta" au "fuel" iende folda ya pembeni. Shida ni kwamba afisa wa usafiri hutuma viwango vya marupurupu ya mafuta kwa maneno yayo hayo, navyo vinamezwa. Kutumia kitufe cha Outlook cha kupuuza mazungumzo ("Ignore") nako hakusaidii. Kichwa kikibadilishwa, mazungumzo mapya yanaanza.

Nikiiruhusu anwani ya afisa huyo, majibu ya kikazi ya wengine kwa ujumbe wake bado yatazuiwa. Niongeze sharti gani? Na je, nizungumze kwanza na wale wawili wanaoanzisha, au niende moja kwa moja kwa afisa wa rasilimali watu atoe agizo kwa wote?